Mwendo wa Kuazima

Hoza alivua buti zake mlangoni, akapiga hodi, akaingia ukumbini na goti lililovimba.

"Nimeanguka tena," alisema.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Mimi ndiye niliyemfunga mguuni utando wa kumfundisha mwendo, kwa hiyo kila alipoanguka niliona kama nimemsukuma kwa mkono wangu. Hoza analima kabichi kwenye matuta ya Kwembago, huku kwetu Usambara, mahali ambapo ukimwaga maharage shambani kwako utakwenda kuyaokota kwa jirani. Mwaka juzi pikipiki ilimlalia kifundo cha mguu wa kulia kikasagika. Madaktari wakakifunga, wakaiunganisha mifupa isikunje tena. Mtu aliyefungwa kifundo anaweza kutembea maisha yake yote bila maumivu, ila lazima ajifunze kutembea upya, na kujifunza kwenye mlima kama ule bila mwalimu ni mwaka mzima wa michubuko.

Mwalimu tulikuwa naye. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mguu wa kulia ameunyosha mbele, anakunywa chai yetu kwa sauti. Bi Mwantumu Shekoloa, miaka hamsini na minane, mkulima wa karoti na muuzaji wa matunda ya plamsi, alifungwa kifundo miaka thelathini na moja iliyopita, enzi ambazo ukifungwa unapewa mkongojo na pole. Alijifundisha mwenyewe. Leo anashuka mlima na tenga la karoti kichwani huku akigombana na mtu aliye nyuma yake. Kijijini wanamwita Bi Kufuli, kwa utani, naye huitika. Watu mia sita na kumi na moja walikuwa wakitembea kwa mwendo wake, na yeye hakuwa amewahi kumtazama hata mmoja wao akitembea na utando. Daktari Shemweta, mkuu wetu wa Kituo cha Mwendo, ndiye aliyemwita aje awatazame, kwa sababu Hoza hakuwa peke yake aliyekuwa anaanguka.

"Shikamoo, mama," Hoza alimwamkia.

"Marahaba, baba. Hebu tembea nikuone."

Hoza akatembea toka mlangoni hadi dirishani. Bi Mwantumu akaweka kikombe chini, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ehee! Huyu kaniibia mwendo!" Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka begani. "Tazama bega hilo. Bega langu hilo! Mimi huliinua hivyo kabla ya kukata kona. Mwanamume mzima na ndevu zake, anakata kona kama mimi nakwenda kuchota maji."

Hoza naye alicheka, kwa aibu. Mimi nilisisimka. Nilikuwa nimeuona mwendo ule kwa wavaaji wengi, lakini sikuwa nimewahi kumwona mwenyewe na mwazimaji wake chumba kimoja. Vidole vya mguu wa kushoto vilivyojishika sakafuni kabla ya mguu wa kulia kuinuka, ile nyonga iliyopanda kidogo tu, yote yalikuwa yake.

Kisha Bi Mwantumu akaacha kucheka.

"Rudi tena," alisema. Hoza akarudi. "Mbona anatembea kama yumo chumbani kwangu?"

Hatukumwelewa. Akamwambia Hoza avae buti zake atembee pale nje, kwenye kokoto. Hatua ya nne goti likarushwa nyuma, akapepesuka, akashika ukuta.

"Hidaya, mwanangu," Bi Mwantumu aliniuliza bila kuniangalia, "wiki zile sita mlizonipima, nilikuwa nimevaa nini miguuni?"

Nikageuka kuutazama mlango. Pale mlangoni kuna mkeka mdogo, niliuweka mimi. Hakuna tangazo lolote linalomwambia mtu avue viatu, na halihitajiki. Nani anaingia kwenye nyumba ya watu na viatu? Kila asubuhi kwa wiki sita Bi Mwantumu alivua katambuga zake pale, akazipanga ubavu kwa ubavu, akaja kupimwa pekupeku. Nakumbuka hata nilimsifu kwa usafi.

Alitoka, akarudi na katambuga moja mkononi. Alizikata mwenyewe kwa tairi la lori. Kisigino kilikuwa kimeongezwa unene wa vidole viwili, na soli yake haikuwa bapa. Ilijikunja juu kwa mbele kama kipande cha tikiti.

"Mguu wangu haukunji," alisema. "Usipokunja mguu, lazima kitu kingine kikunje. Mimi nilikikunja kiatu. Nikiwa pekupeku natembea vingine kabisa, hatua fupi, za ndani ya nyumba. Nyinyi mmewafundisha watu za ndani ya nyumba, halafu mkawapeleka mlimani na buti." Akaigonga ile katambuga kwenye meza. "Nusu ya mguu wangu mliiacha mlangoni."

Wahandisi sita, madaktari wawili na mimi mwenye shahada ya mwendo. Miaka miwili. Na aliyeliona kosa ni muuza plamsi aliyekuja kunywa chai.

*

Nieleze kidogo, kwa sababu wapo wanaodhani utando ni uchawi na wapo wanaodhani ni roboti.

Kifundo kikisagika, gegedu linaloikinga mifupa isisuguane huisha, mfupa ukasugua mfupa, na kila hatua ikawa adhabu. Daktari akikifunga, huyakwangua mabaki ya gegedu, huibana mifupa pamoja kwa skrubu, na baada ya miezi mitatu inaota na kuwa mfupa mmoja. Maumivu yanakwisha. Kukunja nako kunakwisha. Goti, nyonga na vidole vinalazimika kugawana kazi ya kifundo, na kugawana huko ndiko kunakochukua mwaka.

Utando ni kitambaa chembamba kama soksi, kutoka unyayoni hadi kiunoni. Ukivaliwa na mwalimu, unaandika ni msuli gani umekaza, lini, na kwa nguvu gani. Ukivaliwa na mwanafunzi, unamfinya mahali palepale, kidogo kabla ya wakati, naye anajikuta amekwisha kufanya. Baada ya miezi sita unauvua na mwendo umebaki. Tuliwahi kujaribu mwendo uliotungwa na kompyuta. Ulikuwa mzuri kwenye karatasi, na waliouvaa walilia magoti. Kompyuta haijawahi kubeba tenga kichwani.

Kilichokuwa kikihitajika sasa kilikuwa wazi: kumpima Bi Mwantumu upya, nje, na katambuga zake, kwenye kila aina ya njia. Daktari Shemweta alikadiria miezi mitatu.

Jioni ileile barua ikaja.

Kuna Orodha ya Kifundo Hai, na jina la Bi Mwantumu lilikuwemo tangu miaka sita iliyopita. Wanachukua chembe zako wenyewe, wanazikuza maabara katika mji mkubwa, na ikitokea zikashika, unapata kifundo kinachokunja. Nyingi hazishiki. Watu husubiri mpaka wanasahau kwamba wanasubiri. Barua ilikuja kwetu kwa sababu Kituo ndicho kilichokuwa anwani yake. Ilisema kifundo chake kimeiva. Kiwekwe ndani ya siku thelathini. Zikipita, gegedu linakufa, na jina linarudi mkiani mwa Orodha. Kwa umri wake, mkiani maana yake ni kamwe.

Daktari aliisoma mara mbili, akanipa.

"Akienda, hatuna mwalimu," alisema. "Kifundo kikianza kukunja, misuli yote inabadilika. Ule mwendo unafutika."

"Tutamwambia lini?"

"Tukimaliza kumpima."

"Daktari, kupima ni miezi mitatu."

Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Wavaaji walimpigia simu yeye, si mimi, na kila aliyevunjika mkono alikwenda kumtazama wodini. "Mtu mmoja," Daktari alisema, "ambaye anatembea vizuri kuliko mimi na wewe. Na watu mia sita na kumi na moja wanaoanguka. Wewe niambie."

Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa koti langu, nikajipa sababu. Amezoea, nilijiambia. Anashuka mlima kama mbuzi. Kijiji kizima kinamshangilia. Atakosa nini? Nilikuwa nimemsifia miaka miwili kwa kila mgeni aliyepita pale Kituoni, na usiombe uone jinsi sifa zile zilivyonisaidia kumdhulumu. Kadiri nilivyomwona hodari ndivyo nilivyomwona hana shida.

Kwa siku tisa sikumwambia. Ulikuwa mwisho wa vuli, na siku sita kati ya hizo tisa mvua ilinyesha. Njia zote za Kwembago ziligeuka tope jekundu. Bi Mwantumu alikuja kila asubuhi katika tope lile, ananing'iniza mwavuli dirishani, anauliza, "Tunaanza leo?" Nasi tunamwambia, bado, mama, tungoje njia zikauke. Hatukuwa na haraka, kwa sababu mwenye haraka hakujua kwamba anayo.

*

Siku ya kumi jua likatoka. Nikamfunga utando, akavaa katambuga zake, tukapanda wote hadi tuta la juu kabisa ili aanze kushuka.

Nilikuwa nimemwona akitembea sakafuni mara elfu. Mlimani nilikuwa nampita njiani tu kama anavyopitwa mtu yeyote. Siku ile nilimtazama kwa kazi, hatua kwa hatua, na nakiri nilisahau kusoma mashine. Mguu wa kulia haukuulizwa chochote. Aliuweka kama mtu anavyoweka nguzo, soli ikabingirika yenyewe kutoka kisigino hadi kidoleni, mwili ukapita juu yake, na tayari mguu wa kushoto ulikuwa umeshachagua jiwe lake. Penye mteremko mkali aligeuka upande, akashuka kibavubavu, na wala hakuacha kuzungumza. Alikuwa ananisimulia habari ya mke wa imamu na mbuzi wa jirani. Miaka thelathini na moja ya kuanguka na kuinuka ilikuwa imo mle, na haikuonekana hata kidogo. Machozi yalinitoka. Nilisema ni vumbi, na vumbi halikuwepo.

Tulipumzika kwenye jiwe. Yeye alikaa, mguu mbele.

"Unajua kitu gani huwa nakitamani?" aliniuliza. "Utacheka."

"Sicheki, mama."

"Kukaa tahiyatu. Miaka thelathini na moja naswali juu ya kiti, pembeni, nyuma ya nguzo. Mungu anapokea, najua, shehe ameshaniambia mpaka amechoka. Lakini nikiwatazama wenzangu wanavyokaa, miguu wameilaza chini yao, safu nzima, nami nimeketi juu kama karani..." Akaguna. "Na kuchuchumaa, nipalilie kama watu. Na choo, mwanangu. Usinitazame hivyo. Miaka thelathini na moja ya kulenga."

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya ile barua. Niliitoa nikampa.

Bi Mwantumu husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Hii ina tarehe ya siku ile ya Hoza," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa nayo."

"Ndiyo, mama."

"Leo usiniite mama."

Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ya chini, akafika mwisho, akahesabu tena.

"Zimebaki ishirini na moja."

"Utakwenda?" niliuliza. Ni swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Nitakwenda, na kwa nini nisiende? Mliona mguu wangu haunidai kitu? Mimi huupanga kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, Hidaya. Kila jiwe la njia hii nalifikiria. Nyinyi mnaona nacheza, mimi nafanya kazi. Nimechoka. Nina haki ya kuchoka." Akaikunja barua vizuri zaidi ya nilivyoikunja mimi. "Lakini mlidhani mnamwibia nani?"

Niliitazama barua mkononi mwake.

"Kifundo changu nitakipata, inshallah. Hizo siku tisa hazikuwa zangu. Mngeniambia siku ile, ningewapa zote thelathini, usiku na mchana, maana ningejua kwamba zinakwisha. Ningewashukia mlima huu kwenye tope, siku sita za tope, tope halali la mvua! Nilikuwa nakuja na mwavuli, mnaniambia tungoje pakauke." Sauti ilimkatika. "Mmemwibia Hoza. Mmewaibia wale wale mliokuwa mnawatetea. Mficha uchi hazai, wewe mtoto."

Nililia, sasa bila kutafuta kisingizio. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akajishika jiweni, akainuka.

"Washa mashine yako," alisema. "Tunashuka."

*

Zile siku ishirini na moja sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile.

Alikataa kupimwa sakafuni. Alikataa kupimwa kwenye ngazi za Kituo. Alikataa hata kupimwa akipanda. "Kupanda hata mbuzi anapanda," alimwambia Daktari Shemweta usoni. "Wahenga walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Watu wako wanaangukia wapi? Kwenye kushuka. Basi andika kushuka." Daktari akainamisha kichwa. Mimi alikuwa ameniandikia barua ya onyo kwa kutoa siri ya Kituo, na ninayo mpaka leo. Lakini tangu siku ile alibeba nyaya mwenyewe, na alipanda tuta la juu kila asubuhi akihema, na sikumsikia tena akitaja hesabu ya mtu mmoja.

Tuliandika kushuka kwenye kokoto, kwenye majani makavu, kwenye mizizi ya mikaratusi. Tuliandika akiwa na tenga tupu, tenga nusu, tenga limejaa. Tuliandika akishuka huku amekasirika, kwa kuwa alisema mtu mwenye hasira hukanyaga vingine na wavaaji nao wana wake na waume. Kati ya mshuko na mshuko alikaa na kisu na tairi, akawaonyesha mafundi wawili wa viatu jinsi ya kukata soli. Walitaka vipimo. Yeye aliwapa kidole gumba chake wapimie.

Siku ya kumi na nane akamwomba Hoza na ndugu zake wachote madebe ya maji, wayamwage kwenye njia iliyo kavu. Walimwaga madebe arobaini. Bi Mwantumu akakanyaga mara moja, akatikisa kichwa.

"Hili ni tope la kujitakia," alisema. "Juu maji, chini pagumu. Tope la mvua limeloa mpaka moyoni, linakudanganya kwa chini. Siwezi kuwafundisha watu uongo. Acheni."

Hoza aliuliza kwa nini hatukuwa tumepima wakati wa mvua. Nilisubiri Bi Mwantumu amwambie. Alinitazama kidogo tu, akageuza maneno, akamuuliza habari za kabichi zake. Alikuwa ameniachia mimi, na nilielewa. Nilisema moyoni nitamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, kama kawaida yangu.

Siku ya ishirini na moja asubuhi alishuka mara moja ya mwisho, kutoka tuta la juu mpaka barabarani gari lilipokuwa linamsubiri, limfikishe hospitali kabla siku haijaisha. Watu wa Kwembago walisimama kando ya njia. Alishuka polepole kuliko siku zote. Akafika chini, akaugeukia mlima, akauangalia mguu wake wa kulia.

"Umenitumikia," aliuambia. "Ulikuwa mkaidi lakini hukuniangusha mbele ya watu."

Akaupiga kofi dogo pajani, akaingia garini.

*

Mwezi wa nne, katikati ya masika, alinitumia ujumbe wa sauti. Kifundo kimeshika. Kinakunja. Anatembea kama mtoto wa mwaka mmoja, anajishika ukutani, manesi wanamcheka naye anawatukana. Walimletea utando wenye mwendo wa msichana fulani mwanariadha, mwenye miguu mizima, wa kumwongoza. Alikataa. "Mwendo huu mpya nitaukosea mwenyewe," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Jana nimekaa tahiyatu. Nilipotoa salamu nikashindwa kuinuka, wakaja kunivuta watu wawili. Nimelia, Hidaya. Nimecheka na nimelia." Mwisho kabisa, kabla hajakata, akauliza: "Umeshamwambia?"

Nilivaa koti la mvua, nikaenda Kwembago.

Hoza alikuwa anateremsha kabichi. Alikuwa na utando mpya na katambuga mpya, na tenga mgongoni limejaa. Nilisimama njiani chini yake nikamtazama akija kwenye kokoto za huko juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishuka bila kuangalia miguu yake. Soli ikabingirika, mwili ukapita. Penye mteremko mkali aligeuka kibavubavu, akaniita kwa furaha kutoka kule juu, "Hidaya! Tazama!" Nilimtazama, na nikamwona Bi Mwantumu mzima ndani ya mwanamume yule mwenye ndevu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, Mungu ambariki mama yule.

Akafika kwenye tuta la tatu, ambapo njia inapita bondeni na mvua ya siku tano ilikuwa imeigeuza uji mwekundu. Akaweka mguu. Akasimama.

"Umenyamaza," alisema.

"Nini?"

"Utando. Haunifinyi. Hapa Bi Mwantumu hapajui?"

Kutoka pale hadi barabarani ni hatua kama sabini, zote tope. Hoza alisimama na tenga lake, mvua inamtiririka usoni, ananitazama kama anavyotazamwa fundi.

"Hapa hakufika," nilimwambia. "Alitaka kufika. Mvua ilinyesha siku sita, naye alikuja kila siku kutaka kushuka kwenye tope hili. Sisi tulikuwa tunamficha barua yake ya kifundo, tukidhani tunakulinda wewe, tukamwambia angoje pakauke. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, Hoza. Siku tisa. Mimi ndiye niliyekukosesha hatua hizi."

Mvua iliendelea. Alikuwa na haki ya kunitukana, na niliona matusi yanakuja, yanafika mdomoni, yanarudi. Alikaza kamba za tenga begani. Akaiangalia njia mpaka chini, kisha akaniangalia mimi.

"Njoo usimame mbele yangu," alisema.

"Nikushike mkono?"

"Mkono wa nini? Simama mbele, nipe mgongo. Tunashuka wote. Nikianguka, nakuangukia wewe."

Nikavua viatu vyangu nipate kushika ardhi, nikampa mgongo. Tukaanza kushuka, hatua moja moja, nami nasikia pumzi zake juu ya kichwa changu, na mgongo wangu unangoja.